Haki ya Kuugua

Ndugu msomaji, hebu tuanze na neno moja dogo: kibarua. Kila siku tunalisema. Fulani kapata kibarua, fulani kibarua chake kimeota nyasi, vibarua wa leo wamekuja wangapi? Lakini ni wangapi kati yetu waliowahi kulifunua neno hili wakaona kilichomo ndani? Kibarua ni barua ndogo. Ni kijikaratasi tu.

Katika Unguja ya karne ya 19 walikuwepo watu waliokodishwa kwa siku kupakia na kupakua mizigo, kusafisha sandarusi na kubeba hiki na kile mjini. Wengi wao walikuwa watumwa ambao mabwana zao waliwatoa wakatafute ujira kwa wafanyabiashara. Kazi ya siku ilihesabiwa kwa kijikaratasi, na ujira ukitoka, bwana alichukua fungu lake. Basi jina la karatasi likahama, likamkalia mtu. Mtu mzima mwenye mikono miwili, mke na watoto, akaitwa kijikaratasi. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, lakini neno lilibaki, na mpaka leo tunaishi nalo.

Nimeanza na neno hili kwa sababu historia ninayotaka kuisimulia ni historia ya karatasi. Watu wakizungumza juu ya haki za wafanyakazi hutaja mishahara kwanza. Mimi nataka kuzungumza juu ya jambo linalosahaulika, nalo ni siku ambayo mfanyakazi hafanyi kazi. Akiugua, siku ile ni ya nani? Akichoka baada ya mwaka mzima akataka kwenda kuwaona wazee kijijini, nani anamlisha njiani? Kwa muda mrefu sana jibu katika nchi yetu lilikuwa moja: siku isiyo na kazi si siku. Haikuandikwa popote.

Twende Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Dk. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida huko Marekani. Mingi ilikufa njiani, ikafika 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka katika miche ile 62 yakazaliwa mashamba yaliyokuja kuijaza Tanga, Korogwe, Muheza, mpaka Morogoro na Lindi. Mkonge ulitaka ardhi, ukapewa. Ulitaka na watu, na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu watu walikuwa na mashamba yao na hawakuona sababu ya kuyaacha.

Dawa iliyopatikana ikawa karatasi nyingine. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kila mwanamume alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi siku 30 kwa walowezi katika kila miezi minne. Asipofanya, alipelekwa kwenye kazi za serikali. Kadi ile iliitwa kipande. Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaja, lakini kipande kilibaki mashambani kama njia ya kuhesabu kazi na kulipa. (Msomaji wa Kenya asichanganye. Kipande cha kwao kilikuwa kitambulisho ambacho Mwafrika alikivaa shingoni ndani ya kijikopo cha bati. Hiki cha kwetu kilikuwa kadi ya siku.)

Kazi yake ilikuwa hivi. Kadi ilikuwa na nafasi 30. Asubuhi mtu alipangiwa kiasi chake, kama ni kukata majani basi mafungu kadhaa, kama ni kulima basi ngwe. Akimaliza, nafasi moja katika kadi ilitiwa alama. Asipomaliza, haikutiwa. Nafasi zote 30 zikijaa, ndipo alipolipwa mshahara wa kipande kimoja. Si mwezi, jamani, ni kipande. Mwezi una mwisho wake hata kama wewe umelala, jua linatoka na kuzama na tarehe zinakwenda. Kipande hakina mwisho mpaka mwili wako ukimalize.

Sasa fikiria mtu amefanya siku 22, ya 23 akaamka na homa. Mashamba makubwa yalikuwa na zahanati, mengine hata hospitali, kwa hiyo huenda alipewa dawa. Dawa alipewa, siku hakupewa. Alikaa kambini akitetemeka, na kadi yake ikakaa pale pale kwenye 22. Akilala siku tano, kipande kimerudi nyuma siku tano. Akiamka na kizunguzungu akaenda shambani akakata nusu ya mafungu, nyapara hakutia alama. Kwa hiyo alilipa mara mbili: alitumia nguvu na hakupata siku. Mkonge wenyewe, kwa anayeujua, una mwiba kwenye ncha ya kila jani. Mtu mwenye homa na panga mkononi katikati ya miiba ile, utamwambia nini kuhusu mapumziko?

Huenda mtu akasema, ah, ndiyo dunia ilivyokuwa wakati ule, kila mahali watu walifanya kazi hivyo hivyo. Hapana. Hapo ndipo historia inapouma. Mwaka 1883, miaka 10 kabla ya Dk. Hindorf kuleta miche yake, Ujerumani ya Bismarck ilikwisha kupitisha sheria ya bima ya ugonjwa. Mfanyakazi wa kiwandani aliyeugua kule alilipwa nusu ya ujira wake kuanzia siku ya tatu, na angeweza kuendelea kulipwa hadi wiki 13. Mjerumani akiugua Berlin alipata fedha, lakini aliyeugua katika shamba la Mjerumani Usambara aliongezewa siku za deni.

Na Waingereza je? Mwaka 1936 wafanyakazi wa Ufaransa waligoma kwa maelfu, na serikali ya Léon Blum ikapitisha sheria ya likizo ya wiki mbili yenye malipo. Watu ambao hawajawahi kuiona bahari wakapanda treni kwenda kuiangalia. Mwaka huo huo Shirika la Kazi la Kimataifa kule Geneva likapitisha mkataba wa likizo yenye malipo, namba 52. Mwaka 1938 Bunge la Uingereza nalo likapitisha sheria yake ya likizo yenye malipo. Uingereza ile ile ndiyo iliyokuwa ikiitawala Tanganyika. Meli zilizotoka Tanga na singa za mkonge zilifika kwenye bandari ambako kuli alianza kuahidiwa wiki moja ya kupumzika, na zilipakiwa na watu ambao hawakuwa na hata siku moja.

Tena tusome vizuri. Mkataba ule wa 1936 ulihusu viwanda, biashara, maofisi. Kilimo kiliachwa nje. Watu wa mashambani walisubiri hadi mwaka 1952 ndipo wakapata mkataba wao, namba 101. Kwa hiyo mkata mkonge alikuwa wa mwisho mara mbili: kwa sababu alikuwa mtu wa koloni, na kwa sababu alikuwa mtu wa shamba.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili mkonge ulitafutwa kwa udi na uvumba. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kutafuta watu, ikijulikana kama SILABU. Malori na treni zikaleta watu kutoka mbali: Wabena, Wangoni, Waha, watu wa Ruanda-Urundi, Wamakonde wa Msumbiji. Watu hawa waliandikishwa kwa namba, na kutokana na namba lugha yetu ikapata neno jingine, manamba. Sasa hesabu nami maneno: kibarua, kipande, manamba. Maneno matatu, na yote yanahusu makaratasi ya mtu anayehesabu siku. Hakuna hata moja linalosema kwamba anayehesabiwa ana mwili unaochoka.

Haikuwa mashambani tu. Bandarini Dar es Salaam watu wengi walikuwa wa kutwa. Meli ikitia nanga unaitwa, isipotia unakaa nje ya lango na njaa yako. Septemba 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma. Vita vilikuwa vimekwisha lakini bei za vitu zilikuwa hazishikiki. Mgomo ule ukapanda treni, kama tunavyoweza kusema, ukaenda hadi miji ya bara. Kutoka hapo makuli wakapata chama chao. Mwaka 1948 makuli wa Unguja nao wakagoma, na mgomo wao ndio alioutumia Shafi Adam Shafi katika riwaya yake ya Kuli iliyotoka mwaka 1979. Mwaka 1950 mgomo mwingine wa bandari ya Dar es Salaam uliishia kwa vurugu, na chama cha makuli kikafutwa. Waliogoma walitaka nyongeza, ni kweli, lakini chini ya suala la nyongeza lilikuwepo suala la kutwa. Mtu wa kutwa hana kesho. Utamdai nani likizo wakati jioni hamjuani?

Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, TFL, na katibu mkuu wake wa kwanza akawa Rashidi Kawawa. Miaka sita baadaye nchi ikapata uhuru. Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, aliyeshika nafasi yake alikuwa Kawawa huyo huyo, mtu wa vyama vya wafanyakazi. Na mwaka ule ule, 1962, Sheria ya Ajira ilirekebishwa: kazi ya kipande ikapigwa marufuku, na likizo yenye malipo ikaingia katika sheria ya nchi. Ikatungwa na sheria ya malipo ya kuachishwa kazi. Kuanzia Januari 1963 kima cha chini cha mshahara Dar es Salaam kikawa shilingi 150 kwa mwezi. Kwa mwezi, msomaji, si kwa kipande.

Nadhani hatujaushangilia mwaka 1962 inavyostahili. Tunaimba uhuru wa 9 Desemba, na ni haki yake, lakini kwa mkata mkonge wa Korogwe uhuru hasa ulikuwa siku aliyoambiwa kwamba tarehe zinakwenda hata kama yeye amelala. Ndipo lilipoenea neno jipya katika vinywa vya wafanyakazi: livu. "Mzee yuko livu." Mtu amevaa shati safi, amebeba sanduku la bati, yuko kwenye basi anakwenda kwao, na mshahara unaendelea. Mzazi wake alikuwa manamba. Yeye yuko livu.

Lakini historia ikisimuliwa upande mmoja inakuwa wimbo wa kusifu, na mimi sikuja kuimba. Mkono mmoja ulitoa, wa pili ukachukua. Mwaka huo huo wa 1962 ilipitishwa sheria ya migogoro ya kazi iliyofanya kugoma kihalali kuwe karibu na muhali. Januari 1964 askari waliasi, na baada ya maasi yale viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi waliwekwa ndani, TFL ikavunjwa, pakaundwa chama kimoja tu, NUTA, kilichokaa chini ya chama tawala. Kwa hiyo mfanyakazi alipewa haki na papo hapo akanyang'anywa fimbo ya kuilindia. Haki ikawa zawadi kutoka juu. Na zawadi ina tabia moja: aliyeitoa akibadili moyo, wewe hukuzoea kudai.

Hayo yalijulikana vizuri miaka ya 1980 na 1990, viwanda vilipofungwa na mashirika kuuzwa. Watu wakapunguzwa kazi, wengi wakarudi getini, na getini walikuta neno la zamani linawasubiri: kibarua. Vijana wakalipa jina jipya, deiwaka, lakini ni mtu yule yule wa Unguja ya karne ya 19.

Sheria tuliyo nayo Tanzania Bara ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika mwaka 2006. Ukiisoma taratibu unaona ni jibu kwa kipande, nafasi kwa nafasi. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, mshahara ukiendelea, na siku hizo 28 zinajumlisha sikukuu zinazoangukia humo. Mwajiri haruhusiwi kumfanyisha mtu kazi akiwa likizoni bila ridhaa yake. Likizo ya ugonjwa ni siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mama aliyejifungua ana siku zisizopungua 84, na watoto wakiwa zaidi ya mmoja siku 100.

Ili ulipwe siku za ugonjwa, sheria inataka cheti cha daktari. Mitaani tunakiita ED. "Daktari kanipa ED ya siku tatu." Hii, ndugu yangu, ndiyo karatasi ya nne katika historia yetu, na ni ya kwanza kusema kitu tofauti. Kibarua kilisema: huyu amefanya kazi. Kipande kilisema: huyu bado hajamaliza. Namba ilisema: huyu ni wa ngapi. ED inasema: huyu anaumwa, mwacheni alale, na siku yake mwandikieni.

Nilipomaliza kidato cha nne nilifanya kazi miezi kadhaa katika kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Tulikuwa tunapakia maboksi. Palikuwa na baba mmoja wa makamo, tukimwita Mzee, mwenye miaka mingi pale kuliko hata mashine nyingine. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu. Ukiisha anaambiwa apumzike wiki moja nyumbani bila malipo, kisha anaitwa tena, anasaini mwingine wa miezi mitatu. Hivyo hivyo, mwaka nenda mwaka rudi. Kuna wiki alikuja kazini na kifua kinachokoroma kama redio isiyoshika stesheni. Nikamwambia, "Mzee, si uende hospitali upewe ED?" Akacheka kidogo. "ED ni ya waajiriwa, mwanangu. Mimi ni kibarua." Akainua boksi.

Nililichukua jibu lile kama lilivyo, na wengi wetu tunalichukua hivyo. Lakini sheria haikusema alichosema Mzee. Inasema kweli kwamba mfanyakazi mwenye chini ya miezi sita kazini hana haki ya likizo ya malipo. Hapo ndipo waajiri wajanja wanaposimama, wanakata mikataba vipande vipande ili miezi sita isifike. (Vipande! Lugha haisahau.) Ila sheria inaendelea, na mstari unaofuata hausomwi getini. Unasema kwamba mtu aliyefanya kazi zaidi ya mara moja katika mwaka kwa mwajiri yule yule, na jumla ya muda wake ikazidi miezi sita katika mwaka huo, anayo haki. Wafanyakazi wa msimu nao wametajwa, wanayo haki. Mzee alikuwa na miezi 11 kila mwaka. Waliotunga sheria walimwona, wakamwandikia mstari wake. Hakuna aliyemsomea.

Ziko hoja za upande wa pili, na si haki kuzipuuza. Mwenye duka dogo lenye watu watatu atasema: mmoja akiugua mwezi mzima nami namlipa, na anayeshika nafasi yake namlipa, nitafunga. Mwingine atasema watu watanunua ED za uongo, na tunajua zinanunuliwa. Ni kweli, mzigo upo. Lakini tuulize swali la kihistoria: kabla ya sheria mzigo ule ulikuwa kwa nani? Ugonjwa haukuanza mwaka 2004. Ulikuwepo, ukabebwa na mgonjwa peke yake, na mkewe, na mtoto aliyetolewa shule kwa kukosa ada. Sheria haikuongeza mzigo duniani. Iliwaambia wawili waushike, mmoja huku na mwingine kule.

Jambo la mwisho ni la karatasi zenyewe. Kwa zaidi ya miaka mia moja karatasi ilikuwa ya mwajiri, ikisema dhidi ya mfanyakazi. Leo inaweza kugeuzwa. Sheria ile ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Shauri likifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira unamwangukia yeye, si mfanyakazi. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka lalamiko lake Tume, na madai mengine kama ya likizo yana siku 60. Kwa hiyo mwambie kaka yako, mwambie shangazi yako anayebangua korosho: asitupe karatasi. Kijikaratasi cha malipo, mkataba wa miezi mitatu, ED, vyote viwekwe kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati. Mikataba minne ya miezi mitatu mitatu ikipangwa mezani inasomeka mwaka.

Na ninyi vijana wenzangu mnaoandika, tunaolalamika kila siku kwamba hadithi zimekwisha: nendeni mkaketi na wazee waliokuwa kwenye mkonge kabla hawajatuondoka. Waulizeni kipande kilikuwaje, nani alikitia alama, na siku ya homa walifanyaje. Wengi hawajawahi kuulizwa. Siku zile hazikuandikwa katika kadi. Ziandikeni ninyi.